Shingo Iliyokuwa Chini ya Shanga

Unywele wa kwanza nilidhani ni uzi wa leso. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha saluni yangu pale Kakuma mjini, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, nikauona kidevuni umejikunja. Nikauvuta, haukutoka. Nikauvuta tena mpaka machozi yakanilengalenga, maana ulikuwa umeshika mizizi. Nikacheka peke yangu. Mwanamke mwenye unywele mmoja kidevuni ni kichekesho tu. Shida ni kwamba ule ulikuja kutafuta kiwanja, kisha ukaita ukoo mzima.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa 2012, kiangazi. Naandika haya sasa kwa sababu ya msichana aliyekaa kwenye kiti changu juzi akitaka kusukwa, lakini akakataa katakata kuvua kitambaa alichojifunga mpaka chini ya midomo. "Nisuke tu huku juu, dada," aliniambia. Nilimtazama kwenye kioo nikajua. Nilitamani kumweleza palepale, ila saluni ilikuwa imejaa watu, na watu wa saluni wana masikio. Basi nimeandika. Kama nawe unajifungia bafuni na wembe kila asubuhi, kaa nami kidogo. Sitakufundisha udaktari, sikuusomea. Nitakuambia nilivyopita.

Jina langu ni Asekon. Nyumbani kwa mama yangu ni Nawoitorong, Lodwar, lakini kazi yangu ya kusuka iko Kakuma, karibu na barabara ya kuingia kambini. Mchumba wangu alikuwa Lopeyok, ambaye hununua samaki waliokaushwa kwao Kalokol na kuwauza Lodwar na Kakuma. Wakati huo tulikuwa tumeshapendana, na wazee wa pande mbili walikuwa wameanza kutumiana salamu za maana.

Mwaka haujafika katikati, kidevu changu kilikuwa kinataka wembe kila siku. Nilinyoa, zikarudi ngumu zaidi, na kila penye unywele pakaota kipele chenye usaha. Mashavu yakajaa chunusi, si zile za usichana zinazokuja na kuondoka, bali madonge yanayouma hata ukilalia mto. Hedhi ilikuwa imeacha kuja miezi mingi. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni nafuu.

Halafu nywele za utosini zikaanza kuniaga. Za kidevuni hazikutaka kuondoka na za kichwani hazikutaka kukaa, nikashangaa huu mwili umepewa ramani ya nani. Nilikuwa nikisuka mistari ya wenzangu siku nzima, yangu ikinikatikia mkononi. Mteja mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, na wewe nani anakusuka?" Nikamjibu, "Mganga hajigangi," tukacheka wote. Jioni ile nilifunga kitambaa kichwani, na kwa muda mrefu sikukifungua hadharani.

Lakini kilichonivunja moyo ni shingo. Ilianza na mstari mweusi nyuma, ukazunguka mpaka mbele, ngozi ikawa nene na yenye mikunjo. Nilipokwenda Lodwar, mama aliuona wakati naosha uso uani.

"Asekon, siku hizi Kakuma hakuna maji?"

"Naoga, mama."

"Unaoga wapi? Lete hiyo shingo."

Alinikalisha kwenye kigoda akanisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia mpaka damu ikachungulia. Uchafu haukutoka kwa sababu haukuwa uchafu. Mama hakukubali. Kila nilipokwenda nyumbani alinisugua, na kila alipomaliza alinyamaza kwa namna iliyoniumiza kuliko dodoki. Najua alikuwa anaogopa. Mtu mzima anayeogopa ugonjwa asioujua huita uchafu, kwa sababu uchafu una dawa.

Niliporudi Kakuma nikaenda kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiuza krimu kambini. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku. "Iko dawa muzuri sana, mama. Utapakala tu, utakuwa na ngozi ya mutoto." Ulikuwa mkorogo. Kwa siku chache shingo ilipauka, nikaimba. Kisha ikaungua. Ngozi ilichubuka, na ilipopona ikarudi nyeusi kuliko mwanzo. Ukisoma hapa na una kopo la namna hiyo mkobani, dada yangu, litupe leo.

Ndipo nikafanya kosa ambalo sijui kama lingewezekana mahali pengine. Nikavaa shanga.

Mimi ni msichana wa mjini. Shanga nilikuwa nazo, nilishonewa na Ata, nyanya yangu, lakini zilikaa kwenye sanduku zikisubiri sherehe. Sasa nikazitoa zote, nikazipanga shingoni mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia mabegani mpaka zikafika kwenye taya. Nilipojitazama kwenye kioo sikuiona shingo. Na kidevu, nikiinamisha uso kidogo, kilizama ndani ya rangi.

Nilitegemea kuchekwa. Badala yake nikawa mfano. Wazee wa Lodwar walinisimamisha njiani kunisalimu: "Ejok, binti!" Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kanisani aliniambia nisimame watu wanione. "Huyu amesoma, ana saluni yake, na hajaacha mila," alisema, nami nikainamisha uso, wakadhani ni haya. Lopeyok alifurahi. Mama yake, ambaye sikuwa nimemwona zaidi ya mara chache, alituma salamu kutoka Kalokol kwamba sasa amepata mkwe. Nilikuwa naficha aibu, watu wananisifu kwa fahari.

Mwaka wa 2013 kaunti ilipoanza, wageni wakubwa walikuwa hawaishi kuja Lodwar, na kila mgeni lazima achezewe ngoma. Nani awekwe mbele? Asekon mwenye shanga. Niliruka juani na uzito ule wote, jasho likiteremka na kukwama. Anayeijua Lodwar anajua jua lake. Chini ya shanga ngozi ilifura, ikatoa malengelenge, malengelenge yakawa vidonda, vidonda vikaanza kunuka. Nilijipaka manukato nikaendelea kuruka.

Kipindi hichohicho wazee walikubaliana mifugo. Harusi ikapangwa baada ya mvua za mwisho wa mwaka. Mama Lopeyok akatuma neno: siku hiyo yeye mwenyewe, mbele ya wanawake wa ukoo, atanivua shanga za usichana, atanipaka mafuta na udongo mwekundu, atanivalisha alagama, ile pete ya chuma ya shingoni ambayo kwetu huvaliwa na mke. Mama yangu alilia kwa furaha. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikahesabu miezi iliyobaki. Nilijua siku hiyo, mchana kweupe, wangeiona shingo, wangekiona kidevu, na mtu angeuliza kama huyu ni mwanamke. Nilimpenda Lopeyok na nilikuwa na hakika nitampoteza juani mbele ya watu wote.

Aliyeniokoa ni Nyandeng. Huyu ni mwanamke wa Sudan Kusini, Mdinka, anayeuza nguo kando ya saluni yangu. Aliishi Khartoum ujana wake kabla ya kufika kambini, na kusengenya hawezi kwa sababu husema kila kitu mbele ya mwenyewe. Siku moja aliingia saluni akanusa.

"De shunu? Kitu gani inanuka?"

"Panya amekufa," nikasema.

"Hii panya imekufa kwa shingo yako." Akafunga mlango. "Toa."

Nilikataa, akakaa chini. Akasema hana haraka, wateja wake watamngoja. Mwisho nikavua. Hakupiga kelele. Alileta maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akanisafisha vidonda akiguna kama anaosha mtoto. Kisha akaona kidevu, akakipapasa na kidole gumba.

"Wembe? Wewe ni askari?"

Nikacheka, kisha nikalia vibaya sana, kilio cha mwaka mzima.

"Sikia, habibti. Hii nywele mimi naweza kutoa. Wanawake ya Khartoum wote wanatoa. Lakini hii kitu ingine iko ndani. Wewe enda kwa daktari. Hata kesho."

Akanifundisha halawa. Unachemsha sukari na maji ya ndimu mpaka iwe nzito na yenye kuvutika, unaiacha ipoe kidogo, unaitandaza kidevuni na kuivuta kwa mara moja. Mara ya kwanza nilimtukana kwa Kiturkana. Lakini nywele zilikaa muda mrefu bila kurudi, na zilizorudi zilikuwa laini, bila vipele. Kwenye vidonda usithubutu, ngoja vipone. Hiyo halawa haikuniponya. Ilinipa asubuhi zisizo na wembe, na mtu wa kukaa naye jikoni tukichekea sufuria.

Kesho yake nilipanda gari la Lodwar. Hospitali nilikalishwa kwenye benchi la kliniki ya wanawake, nami ndiye pekee nisiye na tumbo. Mama mmoja mjamzito akanisogelea. "Yako ni ya miezi ngapi? Hata haionekani." Nikamwambia yangu ni ya kidevuni. Hakuelewa, lakini alinigawia mandazi yake, na tulikaa mpaka mchana tukifukuza nzi. Mashine ya picha ya tumbo ilikuwa na mtu wake, na mtu wake hakuja siku hiyo. Nikarudi wiki iliyofuata, hakuja. Nikarudi tena, safari hii nikapigwa picha. Kwa wanaongoja kwenye mabenchi hayo nina neno moja: beba maji, beba kitu cha kutafuna, na usikubali miguu yako ikutoe mlangoni kabla hujaitwa jina.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, si wa kwetu. Alitazama picha, akaomba nivue shanga. Nilizishika kwa mikono miwili. Aliweka kalamu chini akangoja. Nilipovua alinishika shingo kwa kidole kitupu bila glavu, jambo ambalo sitalisahau.

"Nani amekuambia ni uchafu?"

"Mama."

"Mwambie mama aache kusugua. Hii ni homoni zako, zimepotea njia. Ndevu, nywele kukatika, chunusi, shingo, hedhi, yote ni ugonjwa mmoja."

Nilihisi nimeshushiwa gunia. Jina aliloniandikia lilikuwa refu na sikulijali. Kwangu ilitosha kwamba ni mmoja na una jina.

"Nitapona lini?"

"Sitakudanganya. Haufi kabisa huu, unatulizwa. Chunusi zitapungua kwanza. Ngozi itachukua muda mrefu. Nywele ndizo za mwisho, pengine nyingine hazitarudi. Tembea sana, punguza sukari kwenye chai."

"Na kuzaa?"

"Wengi wanazaa. Wengine wanahitaji kusaidiwa. Ukifika wakati wa kutafuta mtoto, njoo tubadilishe dawa."

Akanipa vidonge vya aina mbili: vya watu wa sukari, na vya kupanga uzazi, vya kurudisha mwili kwenye mwendo. Pakiti ya kwanza ilikuwa vita vya tumbo. Vile vya sukari vilinikimbiza chooni katikati ya kusuka vichwa vya watu, nikawaacha wateja na nusu ya mistari. Pakiti ya pili hedhi ilikuja, nami niliyekuwa nimefurahi ilipoacha, nilifurahi zaidi iliporudi. Pakiti ya tatu madonge ya mashavuni yalianza kunywea. Nywele za kichwani zilikuwa bado zinakatika, basi Nyandeng aliniwekea kiti mbele ya kioo akaninyoa kichwa chote, utosi na kando, kikang'aa. Wateja walipiga mbinja. Niliwaambia, "Fundi nguo haazimi, na mimi nywele siazimi." Waliokuja kucheka walibaki kusukwa.

Lakini shangazi yangu mmoja aliona pakiti Nawoitorong. Alikuwa mhudumu wa zahanati zamani na alivitambua vidonge. Hakuniuliza mimi. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imevuka mpaka Kalokol: Asekon anachukua ng'ombe wa watu na huku anameza dawa ya kutozaa.

Mama aliniuliza mlangoni, hata mzigo sijautua. "Umekataa kuzaa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia shingo. "Kwa hiyo nilikuwa nakuumiza bure," akasema. Hakuomba msamaha kwa maneno, si kawaida yake. Aliingia ndani akatoka na lile dodoki, akalitupa kwenye moto wa jikoni.

Lopeyok alikuja amebeba samaki kama kawaida, lakini hakuketi. Nilimwambia habari ya vidonge, kisha nikakusanya nguvu nikamwambia habari ya kidevu.

"Kidevu nilijua," alisema. "Unafikiri mimi kipofu?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba tunyoe pamoja?" Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi chini. "Mimi nakuoa wewe, Asekon. Lakini mifugo si yangu peke yangu. Mama na ndugu zake wamesema mambo yasimame kwanza."

Sikulala vizuri wiki hiyo, na nilikasirika. Nilimkasirikia shangazi, ukoo, mwili wangu na kila mzee aliyenisifu shanga. Hasira ile ilinisaidia. Niliamua kwamba kama nitakataliwa, nitakataliwa kwa jambo la kweli, tena na mtu aliyeniona. Nikaacha halawa kwa makusudi mpaka ndevu zikachomoza, nikavaa shanga zangu zote, nikapanda pikipiki mpaka Kalokol.

Mama Lopeyok alikuwa akigeuza samaki kwenye uchanja, upepo wa ziwa ukipeperusha vumbi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Tulisalimiana kwa Kiturkana. Nikamwambia, "Mama, nimekuja unione kabla ya watu wengine." Nikavua shanga moja baada ya nyingine nikizitundika kwenye mti wa uchanja. Kisha nikavua kitambaa cha kichwani, nikainua uso.

Alifuta mikono akaja karibu. Alinizunguka. Akagusa shingo, akagusa kidevu.

"Marehemu baba yake Lopeyok hakuwa na ndevu nzuri hivi," alisema.

Sikujua kama nicheke. Nikamweleza ugonjwa, nikamweleza kazi ya vidonge. Aliuliza, "Utazaa?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya, na ulimi ulikuwa tayari. "Daktari anasema wengi wanazaa. Mimi siwezi kukuahidi, mama."

Alirudi kwenye uchanja, akageuza samaki kadhaa. "Mimi niliahidiwa watoto wengi siku yangu. Wengine niliwazika. Tumbo halina mtu anayelijua." Kisha akasema, "Siwezi kukujibu leo. Nitakaa na ndugu zangu." Akanifungia samaki wa kumpelekea mama yangu, nikaondoka nimebeba shanga mkononi.

Pakiti moja nzima iliisha bila jibu. Nilisuka, nilitembea jioni na Nyandeng mpaka kando ya lugga, ule mkondo mkavu wa maji, na kurudi, nilikunywa chai isiyo na sukari ambayo ni adhabu. Vidonda vya shingo vilikauka. Weusi haukuondoka. Mvua zilipopiga Lodwar na mto Turkwel ukajaa, Lopeyok alikuja mbio hadi mlangoni, hana samaki hata mmoja. Ndugu walikuwa wamekubali. Alisema mama yake alibishana nao siku nyingi, lakini alichowaambia hakumwambia hata yeye.

Harusi ilifanyika kwao Kalokol. Alfajiri Nyandeng alinifanyia halawa, kwa sababu napenda kidevu changu kikiwa laini, na hiyo ni hiari yangu. Nilivaa shanga zote kwa mara ya mwisho. Lopeyok alimchoma fahali mkuki, watu wakapiga vigelegele, wanawake wa ukoo wakaketi wakizunguka ngozi iliyotandikwa juani. Kabla sijakaa, Mama Lopeyok alinivuta pembeni.

"Twende ndani ya kibanda, mimi na dada yangu tu. Tutakuvua huko, tukupake mafuta na udongo mwingi. Ukitoka hakuna atakayeona kitu."

Nilijua ananihurumia, na ilinigusa sana. Miezi michache nyuma ningembusu miguu.

"Hapana, mama. Nivue hapa."

"Wataona."

"Waone."

Alinikalisha kwenye ngozi, akaanza kuvua. Shanga zilianguka moja baada ya nyingine mapajani mwangu, na kila mzunguko ulipoondoka upepo uligusa mahali palipokuwa hapajaguswa na upepo mbele ya watu kwa muda mrefu. Vigelegele vilipungua. Vikaisha. Mwanamke mmoja wa ukoo wao akasema kwa sauti, "Hiyo shingo imefanya nini?"

Mama Lopeyok aliendelea kuvua. Jibu aliniachia mimi.

"Ni ugonjwa, shangazi," nikasema. "Uko kidevuni na kichwani pia. Natibiwa Lodwar. Sijapona, lakini natibiwa."

Wanawake walinikodolea macho. Mama Lopeyok alichota mafuta ya kondoo kwenye kibuyu, akanipaka kidevu kwanza, polepole, akarudia. Kisha shingo, pale palipo peusi zaidi, mbele na nyuma, kwa vidole vikavu vinavyonuka samaki. Alipaka mengi mpaka kibuyu kikaisha kabla hajafika mabegani. Akakiinua, akakitikisa, akawageukia wanawake waliokuwa bado wananikodolea macho.

"Mnaangalia nini?" akasema. "Leteni mafuta mengine."